Mikeka Sita na Mkwe Mmoja

Nakumbuka asubuhi moja kule Rukanga, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia nacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa mwanafunzi wa fiziotherapia, nimetumwa Voi kwa mafunzo ya vitendo, na nilijiona najua kila kitu. Mwalimu wetu Bi Mwakio, mama mpole lakini jicho lake, weee, alinipa kazi: nipange somo la nusu saa, niwafundishe kina mama wa kijiji cha Rukanga wenye maumivu ya magoti. Nikishindwa, narudia mafunzo yote, wenzangu waende zao.

Basi nikapanga. Usinicheke. Kurasa nne, dakika kwa dakika: salamu dakika mbili, misuli ya paja dakika saba, kisha mazoezi sita ya kulala chali. Nikabeba mikeka sita kutoka Voi, nikaitandika katika ukumbi wa kanisa.

Kina mama wakaja, wakaketi kwenye mabenchi, wakanisikiliza vizuri sana. Nikasema, "Sasa tulale kwenye mikeka, mguu wa kulia juu." Hakuna aliyeinuka. Nikarudia kwa sauti kubwa, eti labda hawasikii. Wakabaki kwenye mabenchi. Jasho likanitoka, na Bi Mwakio kule nyuma anaandika tu.

Aliyeniokoa ni Mama Wakesho, ambaye goti lake lilikuwa baya kuliko ya wote. Aliniita karibu akaninong'oneza, "Mwanangu, nilale hapa nirushe miguu juu, na yule pale mlangoni ni mkwe wangu?"

Nikageuka. Kumbe binti yake alikuwa amejifungua juzi, kwa hiyo mume wa binti ndiye aliyemleta, mama kwenye mkokoteni, yeye mbele anamwongoza punda. Sasa amekaa kizingitini, ametupa mgongo, maskini, anautazama mlima Kasigau kana kwamba hajawahi kuuona. Mama na mkwewe huko kwetu walistahiana mno. Hata kumshika mkono amwinue ilikuwa aibu kwa wote wawili. Na mimi ni Mtaita! Hayo nimeyajua tangu utotoni, lakini nilipoketi kuandika, wala hayakunijia.

Bi Mwakio akasogea. "Mpango mzuri," akasema. "Ulimwandikia nani? Bado una dakika kumi na tano."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaikunja mikeka, nikamuuliza Mama Wakesho goti lilimnyima nini hasa.

"Kwaya," akasema. "Wenzangu wakisimama kuimba, mimi nabaki chini hadi nivutwe. Nimeacha kwenda."

Basi tukabaki palepale kwenye mabenchi. Nikawaonyesha kurudisha miguu nyuma kidogo, kuinama mbele, kusimama bila kujishikilia, kisha kuketi polepole. Mama Wakesho akaanzisha wimbo wa kuhesabia wa Kidawida, lugha yetu Wataita, wote wakaitikia, juu, chini, juu, chini, vicheko hadi machozi. Mara mbili za kwanza alirudi chini, puu! Mara ya tatu akasimama mwenyewe, akamalizia ubeti mzima amesimama. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Na yule mkwe mlangoni, bila kugeuka hata kidogo, akapiga makofi. Mimi nililia kwa furaha mbele ya mwalimu wangu, wala sikuona haya.

Nilifaulu, ndiyo. Na Jumapili ile Mama Wakesho alirudi kwenye kwaya.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikaa na kalamu kupanga somo lako la kwanza, usianze na dakika. Anza na mtu. Jua anakuja na nani, nini hawezi kukifanya mbele ya macho ya wengine, na ni jambo gani analitamani ambalo mwili umemnyang'anya. Muulize, yeye mwenyewe atakwambia. Na siku mpango ukikataa, ukunje bila kununa, uendelee na watu ulio nao.

Mungu aibariki mikono yako na ayafungue masikio yako. Na kila utakayemfundisha akuinukie mwenyewe, akiimba.