Kikopo cha Baba

Nyumbani mama tulimwita Askari, na cheo hicho hakuwahi kukikataa. Kazi yake ni kupiga pasi: mashati ya watu wa ofisini, sare za shule, mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili. Lakini tangu baba afanyiwe upasuaji wa saratani ya utumbo, kazi yake ya kwanza ikawa kumlinda baba. Hospitali kubwa walimtibu mpaka wakaridhika, kisha wakamrudisha kwa daktari wa zahanati yetu ya mtaani awe anamfuatilia. Baba ni fundi friji, mtu wa maneno mengi, ila mbele ya daktari hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Akiulizwa kuhusu choo, mama anajibu. Akiulizwa kama anakula vizuri, mama anajibu.

"Mama, naomba mgonjwa aseme mwenyewe," daktari alimwambia siku moja.

"Huyu? Huyu atakudanganya, daktari. Anaungua na homa, anakwambia ni joto la kazi."

Kila baada ya muda baba alipewa kikopo kidogo chenye kifuniko aweke choo, kipelekwe maabara kuangaliwa kama kuna damu ambayo macho hayawezi kuiona. Baba alikiita zawadi ya daktari. Mama hakucheka. Yeye ndiye aliyekifunga, akakifuta, akakizungushia mfuko na kukipeleka zahanati kwa mkono wake.

Mwaka huu mama alianza kupiga pasi ameketi. Mtu niliyemwona akisimama mezani tangu nipate akili akavuta stuli. Nikamtania kwamba uzee umebisha hodi. "Miguu tu," akasema. Sketi zake alikuwa anazibana kiunoni kwa pini. Mimi nina mdomo, namsema kila mtu, lakini hilo sikulisema. Kwetu mgonjwa alikuwa baba, na macho yetu yote yalikuwa kwake.

Kisha zahanati wakapiga simu. Walisema majibu ya kile kikopo yametoka, baba aende, na asiende peke yake.

Sijawahi kumwona mtu akiogopa vile. Baba aliacha utani, akaacha na chakula. Akanichukua mpaka karakana yake akanionyesha friji moja moja, hii ya nani, ile imebaki nini, kama mtu anayekabidhi ofisi.

"Imerudi, mwanangu," aliniambia. "Mara ya kwanza nilijikaza kwa sababu sikujua. Sasa najua wanachofanya."

Nilimwambia asijitabirie mabaya. Mama yeye hakumfokea baba kuhusu dawa wala kumchungulia sahani. Alipiga pasi zake, akala, akalala mapema. Nilidhani amepiga moyo konde kwa ajili yetu, na nikamwonea fahari.

Siku ya miadi tuliingia wote watatu. Daktari akainuka mwenyewe kufunga mlango.

"Tumekuta damu kwenye choo," alisema. "Damu pekee haimaanishi ni saratani. Lakini kwa ugonjwa uliowahi kuupata, mzee wangu, sitaki tukae tukisubiri. Uende hospitali wakupitishe kamera ndani ya utumbo."

Kijasho kilimtoka baba usoni. "Watanikata tena?"

"Hatujafika huko."

"Daktari, safari hii sitaweza." Akaushika mkono wa mama. "Mwambie. Mwambie kwamba siwezi."

Mama alikuwa anautazama ukuta. "Si chake," akasema.

"Si chake nini, mama?" daktari akauliza.

"Kile choo. Ni changu."

Daktari akaweka kalamu chini. Mama akaeleza bila kumtazama yeyote. Alikuwa anaona damu chooni, tena kwa muda mrefu. Aliogopa kuja mwenyewe, kwa sababu akija tu na kuandikwa, basi anaumwa. Akatupa choo cha baba akaweka chake. Kikitoka kisafi, angenyamaza, kisha angebuni sababu ya kumwombea baba kikopo kingine. Kikitoka vibaya, hakuwa amefikiria afanye nini.

"Nilitaka kujua bila kujulikana," alisema.

"Afadhali!"

Ilikuwa sauti ya baba. Neno lilimchomoka, na uso wake wote ukafunguka, mabega yakashuka, akavuta pumzi ya mtu aliyetolewa majini. Halafu akakisikia alichosema. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Laiti ningekuwa nimetazama kwingine.

Daktari hakumkaripia mtu. Alimwuliza mama kuhusu uzito, maumivu, choo kilivyobadilika, na mama aliyekuwa na majibu ya baba yote akawa anakwama kwenye yake mwenyewe. Baba angetoa choo kingine siku hiyohiyo. Mama hakuhitaji kikopo tena, alihitaji kamera, na daktari akatuambia tungoje nje apige simu hospitali, kisha amwite ampime tumbo.

Tukakaa kwenye benchi la koridoni. Baba alikuwa analia waziwazi, watu wanapita.

"Nisamehe mke wangu. Lilinitoka tu."

"Nililisikia."

"Sikumaanisha afadhali uwe wewe."

"Ulimaanisha." Mama alikuwa anakunja na kukunjua vidole. "Usilie, baba watoto. Siku zote hizi ulikuwa unatetemeka na mimi najua si chako. Nikakutazama, nikanyamaza. Kikopo kilikuwa na jina lako, nikajiambia basi na ugonjwa ni wako. Nililala. Nilikuwa sijalala tangu nione ile damu, na ulipoanza kuogopa wewe, nililala."

Nilitaka kuwafokea wote wawili.

Nesi akafungua mlango, akaita jina la mama. Tulikuwa watatu kwenye lile benchi, na hakuna aliyeinuka.