Oili ya Gari Ndani ya Chupa ya Pikipiki

Uvumilivu wangu uliisha pale mwenye duka aliponiambia, "Binti yangu, nenda kamlete baba watoto nimweleze yeye."

Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta yake ya vipuri mjini Mbulu, mtoto mgongoni, mkononi chupa ya oili niliyoinunua kwake. Ilikuwa mara ya tatu naenda. Mara mbili za mwanzo, klachi ilipoanza kuteleza, alinimaliza kwa salamu. Kwetu humrukii mtu mzima na shida yako. Unatoa shikamoo, unaulizwa nyumbani, unaulizwa ng'ombe, unaulizwa mvua. Aliuliza mpaka hali ya ndama. Nikimaliza kujibu, wateja wengine wameshaingia, naye anasema, "Basi endelea kuitumia, itazoea."

Oili haizoei.

Pikipiki ni yangu. Kila asubuhi nateremsha na kupandisha maziwa kutoka Endagikot, madumu mawili pembeni. Injini yake haina maji ya kuipoza kama ya gari. Inapozwa na upepo unaopita kwenye zile mbavu za chuma, na inapozwa na oili. Ukipanda mlima polepole na mzigo, upepo ni mdogo, kazi yote inabaki kwa oili. Halafu klachi nayo imezama humo humo kwenye oili ya injini, wakati ya gari inakaa pakavu. Ndiyo maana oili ya gari, yenye dawa ya kulainisha zaidi, inaifanya iteleze. Nimeishia kidato cha nne, sijasomea ufundi, lakini kitabu kilichokuja na pikipiki nimekisoma: 20W-50, yaani oili nzito, yenye alama ya MA, ya klachi inayokaa ndani ya oili.

Huku kwetu watu wanachagua oili kwa baridi wanayoisikia wao mgongoni. Asubuhi ukungu, mtu kavaa masweta mawili, basi na injini anaionea huruma. "Weka nyepesi, iwahi kuamka." Hata mume wangu husema hivyo. Namwambia injini ikishatembea robo saa haijui kama iko Mbulu. Anacheka, lakini pikipiki yangu haigusi.

Chupa ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, 20W-50, ya pikipiki. Karatasi inayoziba mdomo chini ya kifuniko haikuwepo, na oili ilimiminika kama chai. Niliona, nikaimwaga ndani hivyo hivyo kwa sababu nilikuwa na haraka. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Wiki hiyo hiyo, katikati ya mlima, klachi ikaachia kabisa. Injini inanguruma, tairi halina nguvu. Pikipiki ikasimama, ikaanza kurudi nyuma na maziwa na mwanangu. Nilikamata breki zote mbili nikailaza upande wa ukingo. Maziwa yalikwenda. Mtoto hakuumia, alicheka, akadhani tunacheza. Mimi niliokota madumu matupu, nikaikokota pikipiki mpaka kwa fundi.

Fundi alifungua upande wa klachi, pleti zimeungua. Akaisugua oili kwa vidole, akanusa.

"Dada, hii ni ya gari ndogo. Yule mwenye duka anapima kutoka pipa la nyuma ya duka, anajaza chupa tupu. Wote tunajua."

"Mnajua, na mmekaa kimya?"

"Sasa tutamwambiaje? Ni mzee wetu."

Kwa hiyo aliponitajia baba watoto, nilishachoka na heshima ya namna hiyo.

"Mzee," nikasema, "shikamoo nimekupa, na kesho nitakupa tena. Ila pikipiki ni yangu, na tulioanguka ni mimi na mwanangu. Baba watoto hajui hata bolti ya kumwagia oili iko wapi."

Mteja mmoja akacheka. "Huyu mama kachemka kuliko injini yake."

"Na maneno hayanipozi," nikamjibu.

Mwenye duka akajikaza. "Hapa baridi. Mimi nawasaidia."

"Basi iandike ilivyo. Andika ya gari, mtu achague mwenyewe."

"Na nisipoandika, utanipeleka wapi?"

Nikaenda kwa afisa biashara. Ni mgeni huku, amehamishiwa kutoka mkoa mwingine. Akaniuliza kwa upole kama hatuwezi kuyamaliza wenyewe. Nikamwambia nimeshayamaliza mara tatu. Akanisogezea karatasi. Niliandika pale pale, nikasubiri mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri:

YAH: KUUZIWA OILI YA GARI KWENYE CHUPA YA PIKIPIKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Endagikot na mmiliki wa pikipiki. Oili niliyouziwa kwenye duka la vipuri hapa mjini iliunguza klachi nikiwa mlimani na mtoto wa miezi kumi mgongoni. Naambatisha chupa, oili iliyobaki na pleti zilizoungua. Naomba pipa lililo nyuma ya duka likaguliwe, na chupa zote zilizojazwa kutoka humo ziondolewe rafuni kabla mtu mwingine hajapanda nazo mlima.