Sentensi ya herufi K iliyotoka chini ya mkeka wetu

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi.

Mnisamehe mapema makosa ya herufi. Niliishia darasa la sita na ninaandika polepole, kidole kimoja kwenye simu. Mwandiko wangu wa kalamu ndio msiuone kabisa. Ila hiki ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu, mtaa wa Kasulo, na sikuongeza chumvi.

Mdogo wangu Ngoie ana miaka saba. Herufi zilikuwa hazimkai kichwani. Nikabuni mchezo: kila herufi tunaitungia sentensi, na maneno yote yaanze na herufi hiyo. Tunaandika kwa makaa kwenye ukuta wa nje.

B ilikuwa rahisi, maana Kiswahili chetu huku kimejaa B: "Batoto babili banabeba bidoni," yaani watoto wawili wamebeba madumu.

M tukampa mama: "Mama Monga muuza mihogo, mkali mno." Mama akacheka, akasema mkali ni baba yetu. (Baba anafanya kazi Tenke, huja mara moja kwa mwezi.)

N nikaandika: "Ngoie na nyoka ni ndugu." Akaninunia siku nzima.

Watoto wa mtaa wakaanza kuja kusoma ukuta kwa sauti. Mimi ni mtu wa aibu, nikawa nawasikiliza kutoka ndani.

Halafu Ngoie akatunga K peke yake. Nilikuta ameandika: "Kila kukicha Kazadi kagonga ko ko ko."

Tata Kazadi, yaani mzee Kazadi, ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Nilidhani ni mchezo tu. Ila nikataka kujua, kagonga nini?

"Anagongaka ku chini ya mukeka yangu, yaya." Yaya ndiye mimi, mkubwa wake.

Asubuhi iliyofuata nikalaza sikio kwenye mkeka wake.

Ko. Ko. Ko.

Kwa asiyejua: huku kuna watu waliochimba madini ya kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Juu kila mtu ana ukuta wake, chini hakuna ukuta. Shimo la Tata Kazadi lilikuwa limefika pale anapolala Ngoie. Ardhi ikishuka, anashuka nayo.

Mama akasema baba yuko mbali, niende mimi nikaongee. Wakuu, mimi hata sokoni hununua kwa kunyoosha kidole. Nilisimama mlangoni kwa Tata Kazadi nikasahau hata kumwamkia. Ngoie alikuwa ameshika shati langu. Mwishowe nikauliza, kwa sauti ndogo, ni nini kinachogonga kule chini.

Akasema ni panya.

Mtalimbo wake, kile chuma cha kuchimbia, ulikuwa umeegemea mlango, una udongo mbichi.

"Panya haina mutalimbo, tata," Ngoie akamwambia.

Tata Kazadi akausogeza mtalimbo nyuma ya mlango. Kisha akauliza kwa nini watoto wanaimba jina lake barabarani. Hajui kusoma, kwa hiyo nikampeleka ukutani, nikamsomea neno kwa neno. Sikuwahi kuongea maneno mengi hivyo na mtu mzima.

Akamgeukia Ngoie. "Mutoto, futa jina yangu."

"Funika shimo kwanza, tata. Njo nitafuta." Njo kwetu ni ndipo.

Niliona aibu kwa niaba ya Ngoie, lakini sikumkataza.

Kesho yake sauti ya chini ya mkeka ilibadilika. Badala ya ko ko ko, tukasikia udongo ukimwagwa, gunia baada ya gunia. Ngoie alilala kwa mama mpaka sauti zote zikaisha. Ndipo akafuta, akaandika upya:

"Kazadi kafukia. Kimya kabisa."

Tata Kazadi akaja kuomba asomewe. Nilimsomea, akaomba tena, nikarudia.

Nilichojifunza: ukimpa mtoto herufi, ataandika yale anayoyajua yeye, nawe hukuyajua. Usifute kabla hujamuuliza.

Sasa tumekwama kwenye V. Sisi huku tunasema bitu, si vitu, basi V haitujii kabisa. Niandikieni hapa sentensi zenu, hata fupi. Ngoie amekaa pembeni yangu na kaa mkononi, anauliza kama mmeshajibu.