No, we

Nilisema "No, we!" na mkanda ukaanza kutembea.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani, kati ya mkanda na rola ya chuma, nikivuta jiwe lililokwama. Mkanda ulichukua vidole, ukachukua kiganja, ukafika kwenye kiwiko ndipo mtu akapata akili ya kuuzima. Niliangalia kofia yangu ikienda peke yake juu ya mawe mpaka mwisho, ikaangukia kwenye mashine ya kusaga.

Ni kiwanda cha wageni, nje kidogo ya Lubumbashi, tunasaga mawe ya shaba. Shefu wetu wa zamu hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Alikuwa na Kiingereza tu, na hicho nacho hakikuwa cha mama yake, kilimkwaruza koo. Mwanzoni alikuwa na mkalimani, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Hao ni watu wa Kasenga, mpakani, na shemeji alifanya kazi miaka mingi ng'ambo ya mto, Zambia. Shefu akisema neno, shemeji analigeuza, sisi tunafanya. Hakuna aliyeumia.

Kisha mkurugenzi akamtaka shemeji ofisini, awe anazungumza na wageni wake. Tukauliza, na sisi je? Akajibu kwamba maneno ya kazi ni mafupi, mtu yeyote anaweza kuyashika. Akabandika karatasi ya maneno hayo ukutani. Mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini karatasi ile niliisoma mpaka nikaiota.

Shemeji alikuja kutufundisha mchana, wakati wa bukari, ugali wetu.

"'No', iko hapana," alisema. "'Know', iko kujua. Kwa sikio iko moja."

"Hapana na kujua iko moja?" nikauliza.

"Kwa sikio, papa," akasema, yaani baba.

"Basi njo maana shefu anajuaka hapana tu."

Tulicheka. Mwingine akauliza, "Na 'now'?"

"Iko sasa. Unafungua kinywa, kisha unafunga midomo kidogo."

"Kama samaki wametoa mu maji."

"Kama weye ukiona samaki mu sahani."

Kulikuwa pia na "on", ya kuwasha. Masikio yetu ya Kifaransa yalisikia "non", hapana ya Kifaransa. Shefu akipaza sauti "on", nusu yetu tunaacha kazi, yeye anatupa kofia chini. Tulimwona kama mtu anayeamuru kisha anajikataza mwenyewe.

Siku ile mkanda ulikwama. Sheria ni kwamba anayeingiza mkono anafunga swichi kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Lakini shefu alikuwa amekusanya funguo zote. Alisema tunamchelewesha. Akasimama kwenye swichi yeye mwenyewe, akaniuliza, "Now?"

Ilikuwa bado. Nikakumbuka karatasi, nikamjibu kwa Kiingereza chake. Ila ulimi wa hapa haukatai hivi hivi tu. Tunasema "hapana, we", ili mtu ajue ni yeye anayekatazwa. "We" ilitoka yenyewe.

Sema haraka: no-we. Sema tena. Utaona midomo yako inavyofunga.

Mimi sikuona hayo mpaka shemeji aliponisomea ripoti, nyumbani, mtaa wa Hewa Bora. Imeandikwa kwamba mfanyakazi mwenyewe alisema "now". Yaani mkono wangu niliutoa mimi, kwa mdomo wangu. Ufunguo haumo. Mkalimani aliyeondolewa hayumo.

Mke wangu aliacha kuosha vyombo.

"Ulisema namna gani, kweli kweli?"

"No, we."

Akarudia polepole, mara mbili, akiniangalia mdomoni.

"Hata mie ningewasha," akasema. Akarudi kwenye sahani zake.

Kwa hiyo shefu namlaumu kwa ufunguo, si kwa sikio. Mkurugenzi namlaumu kwa mkalimani. Lakini wa tatu ndiye anayenikosesha usingizi, aliyeandika ripoti, mtu wa usalama kazini. Huyo si mgeni. Alizaliwa Kampemba, hapa hapa mjini, kama watoto wangu. Alikuja hospitali, akakaa pembeni ya kitanda changu, akaniuliza kwa Kiswahili chetu, "Papa, ulimujibu nini?" Nikamwambia: "No, we." Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, maana hakuna mtu wa hapa asiyeelewa. Nilimpa maneno mawili, akaandika moja.

Wewe uliyeandika, mama yako alikukataza mangapi kwa hiyo "we"? Shefu alikuwa na masikio ya mgeni. Yako si ya mgeni. "We" yangu uliipeleka wapi? Njoo useme mbele ya wale niliofanya nao kazi, na useme kwa Kiswahili.