Giaboksi ya Kumnyamazisha Shemeji

Mume wa dada yangu alinipa jina la Otomatiki, na kwa sababu ya hilo jina nilibadilisha giaboksi ya pikapu yangu. Watu wanasema nilibadilisha kwa sababu ya zamani ilikufa. Hiyo pia ni kweli. Lakini giaboksi ikifa, mtu mwenye akili anauza gari kwa watu wa vyuma chakavu na anaenda kulima. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitaka klachi.

Pikapu yenyewe ni mzee. Dizeli. Wakati mmoja ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya vumbi la barabara ya Iyolwa kipindi cha jua. Niliinunua ikiwa na gia ya otomatiki, kile kijiti chake kimekaa juu kwenye usukani, unavuta unasukuma, basi. Hakuna klachi, mguu wa kushoto unalala tu. Kwa mtu wa kwenda kanisani ni gari nzuri sana. Kwa mtu wa kubeba nyanya za Petta ni kama kwenda kulima muhogo na viatu vya harusi.

Na nyanya za Petta ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wale akina mama wanalima pamoja, wanachuma pamoja, wanapanga kwenye masanduku ya mbao, halafu siku ya soko wanataka gari moja tu ya kuwafikisha Busia, mpakani, kabla jua halijakuwa kali. Wakikuamini, una kazi. Wasipokuamini, utabeba kuni na majirani wanaohama. Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya shemeji, na lori lake dogo. Alikuwa anawachelewesha, anawatukana, anakanyaga mashimo yote kama analipwa kwa shimo. Wakamwacha, wakanichukua mimi. Hilo hakulisahau.

Siku gari ilipokufa, tulikuwa tunapanda kile kilima cha kutokea Petta, masanduku yamejaa nyuma, akina mama wamekaa juu yake. Katikati ya kilima injini ikaanza kulia kwa nguvu, lakini magurudumu hayana habari. Nakanyaga mafuta, gari inarudi nyuma. Nakanyaga zaidi, inarudi zaidi, na harufu ya kuungua inapanda kama mtu ameunguza maharage. Mama mmoja akaruka chini, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. Hapo ndipo shemeji akatokea na lori lake, tupu, kama mtu aliyekuwa amejificha kwenye migomba anangoja.

"Mama zangu, si niliwaambia?" alisema akishuka. "Hii gari inajiendesha yenyewe. Leo imeamua kupumzika. Na dereva wake pia ni otomatiki. Kazi yake kushika usukani na kuomba Mungu."

Walicheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu kwetu shemeji ana ruhusa ya kukutania mbele ya watu, na ukinuna unaonekana huna malezi. Lakini akina mama walikuwa bado wanacheka na yeye tayari anahamisha masanduku. Sanduku moja moja, kutoka kwangu kwenda kwake, na mimi nimesimama pale kama bibi harusi ambaye bwana harusi amebadilisha mawazo.

"Shemeji, una kamba," nilimwambia. Kamba yenyewe ilikuwa inaning'inia ubavuni mwa lori, naiona. "Nivute basi mpaka kwenye lami."

"Kamba ya nini, Otomatiki? Si inajiendesha?"

Akaondoka na nyanya, akaondoka na akina mama, akaniachia vumbi.

Jioni, hilo jina lilishafika Busia kabla yangu. Vijana wa boda: "Otomatiki! Leo umejiendesha mpaka wapi?" Muuza chapati: "Otomatiki, ya mayai au inajigeuza yenyewe?" Nikavumilia. Halafu nikaenda kwa dada kula, na mtoto wake mdogo, ambaye hata pua hajui kufuta, akanikimbilia mlangoni: "Mjomba Otomatiki amekuja!" Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti, anatoa nyama kwenye meno, anaangalia dari. Hapo niliapa. Sikuapa kwa sauti, chakula kilikuwa kizuri.

Pikapu niliivusha upande wa Kenya ikivutwa, kwa fundi ambaye shemeji hamjui. Fundi alichovya kijiti cha kupimia kwenye mafuta ya giaboksi, akaninusisha.

"Hii imeiva, buda. Mafuta imekuwa kahawa. Kuitengeneza ni kutafuta stress. Weka manuali uishi."

"Inawezekana?"

"Kila kitu inawezekana. Shida ni wewe utaweza? Nasikia wewe ni..."

"Usimalize," nilimwambia.

Giaboksi ya mkono niliipata Tororo, kwa mzee wa vyuma chakavu, imetoka kwenye pikapu ndugu ya yangu iliyopinduka. Nikaibeba mpaka Busia. Kuivusha nilimpa bwana mmoja wa baiskeli ya magurudumu matatu, wale ambao miguu yao haitembei lakini mikono yao inavusha nusu ya biashara ya mpaka huu. Aliitazama ile giaboksi imekaa nyuma yake, nzito kama mama mkwe.

"Hii ingekuwa na miguu," alisema, "ningeiambia ishuke isukume."

"Mzee wangu, sukuma tu. Naenda kumtia mtu adabu nayo."

"Mwanamke?"

"Shemeji."

"Aaa," akasema, na akaongeza mwendo.

Kubadilisha otomatiki kuwa manuali siyo kutoa moja na kuingiza nyingine. Ningejua hivyo mapema labda ningemsamehe shemeji. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, lazima ibadilike, kwa sababu ya otomatiki haina mahali pa klachi kukaa. Pedali ya tatu lazima itafutiwe nafasi chini ya dashibodi, na bomba lake la mafuta. Giaboksi mpya ni fupi kuliko ya zamani, kwa hiyo ile shafti inayopeleka nguvu nyuma haifiki. Ikapelekwa kwa mtu wa welding kuongezwa. Hata sakafu ilitobolewa ili kijiti cha gia kitokeze. Fundi alikata na msumeno wa chuma, mimi nimelala chini nashika, vumbi la kutu linaingia machoni, na kila msumeno ukienda na kurudi nasikia raha. Nilikuwa nasikia kama anakata ulimi wa shemeji.

Mwisho gari ikakataa kuwaka. Unazungusha ufunguo, kimya. Fundi akacheka.

"Bado inadhani ni otomatiki. Otomatiki haiwaki mpaka kijiti cha usukani kikae kwenye P, ya kupaki, na giaboksi yake ikubali, na hiyo tumeitoa. Ni usalama." Akachomoa waya mbili, akaziunganisha, akazungushia plasta. "Sasa itawaka saa yoyote. Lakini sikia, msee. Imepoteza adabu. Ukiwasha ikiwa ndani ya gia na hujakanyaga klachi, inatoka na wewe. Dizeli haiulizi."

Halafu akagusa kile kijiti cha zamani kwenye usukani. "Hii nitoe? Haifanyi kitu tena."

Nilikiangalia. Kilikuwa kimesimama kwenye P, kizuri, kinyenyekevu.

"Kiache," nilisema. "Kuna mtu anapenda kukiona."

Nilijifunza klachi kwenye uwanja wa mpira wa upande ule. Mwanzoni gari ilikuwa inaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto, na watoto wanapiga makofi. Baadaye ikaacha kuruka. Baadaye hata watoto wakachoka wakaenda nyumbani. Hapo nikajua nimeiva.

Nikarudi Petta siku ya soko, asubuhi. Nilifika mapema, lori la shemeji tayari limepaki mbele ya duka, mlango wa nyuma wazi, masanduku bado yako chini. Nikaenda kwanza kwa mama ambaye ni mkubwa wao.

"Mama, shikamoo. Gari imepona."

"Marahaba, mwanangu. Imepona kweli au imepata nafuu?" Akaangalia pikapu, akaangalia kilima. "Sisi hatukuchukii. Lakini ukiturudisha nyuma tena na nyanya zetu, tutauza nini, rojo?"

"Nipe nafasi."

"Shemeji wako amefika kwanza. Aliyefika kwanza anapakia. Unajua utaratibu."

Naujua. Kwa hiyo sikubishana. Nilirudi kwenye pikapu. Ilikuwa imepaki uso kwa uso na lori la shemeji, hatua chache tu katikati. Hendibreki yangu haishiki, kama ya kila mtu huku, na huku gari ya namna hiyo tunaipaki ndani ya gia ili isitembee. Niliacha kwenye gia ya kwanza. Koti langu nikalitupa juu ya kijiti kipya, likafunika mpaka pedali. Ufunguo nikauacha mahali pake. Dirisha nikaliacha wazi. Akina mama wawili walikuwa wanataka kuweka kikapu katikati ya magari, nikawaambia kuna tope, wasogee, nikawabebea mwenyewe. Halafu nikaenda kununua chapati ya mayai na kukaa mahali ambapo naona vizuri.

Shemeji ana ugonjwa mmoja. Akiona gari yangu, lazima aiwashe. Anapitisha mkono dirishani, anazungusha ufunguo, anawaambia watu wasikilize jinsi inavyolia kama mbwa mwenye njaa. Amefanya hivyo Busia, amefanya Tororo, amefanya nje ya msiba. Nilikuwa sina haja ya kumwita.

"Ohooo! Otomatiki amefufuka!" Alikuja akitembea kwa madaha, meno nje. "Mama zangu, njooni. Njooni msikie mgonjwa akihema."

Akainama dirishani. Niliona macho yake yanapita kwenye usukani. Akaona kijiti kwenye P. Yeye ni dereva wa miaka mingi, aliangalia kwanza. Angetoa koti, angeona. Lakini nani anatoa koti la mtu?

Ningeweza kusema neno. Mdomo wangu ulikuwa na chapati.

Akazungusha.

Pikapu ikatoka. Haikuruka, haikuzimika, iliwaka ikaanza safari, taratibu, kama mtu anayejua anakoenda. Mkono wa shemeji ulikuwa bado ndani. Akakimbia pembeni yake, kiatu kimoja kikabaki, anapiga kelele, "Simama! Simama wewe! Simama!" kama anaongea na ng'ombe. Wakati anatafuta ufunguo tena kwa vidole, pikapu ikafika kwenye lori. Chuma nilichokuwa nimefunga mbele kama bampa kiliingia kwenye uso wa lori, taratibu, kwa heshima, mpaka kitu fulani ndani kikasema *pwii*. Injini yangu ikazima. Maji ya rejeta yake yakaanza kumwagika chini, moja kwa moja kwenye soksi yake.

Halafu mama mmoja akarudia, kwa sauti nyembamba, "Simama wewe!" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Shemeji alilivuta lile koti. Akaona kijiti. Akaona pedali tatu. Akaniangalia.

"Umeweka manuali."

"Shemeji," nilisema, nimemeza sasa, "ulikuwa hujaniuliza."

Utaratibu ni utaratibu: aliyefika kwanza anapakia, lakini lori linalokojoa haliendi sokoni. Yule mama mkubwa wao aliinua sanduku la kwanza akaliweka nyuma ya pikapu, na wengine wakafuata. Nilipakia mwenyewe, sikuharakisha. Shemeji alisimama na kiatu mkononi. Lori lake lilihitaji rejeta, na rejeta ziko Busia, na gari ya kwenda Busia ilikuwa moja.

"Nipe lifti," alisema. Sauti ndogo.

"Panda mbele, shemeji. Wewe ni mtu mkubwa."

Kijiti kipya kilikuwa kimetokea upande wa abiria kidogo, kwa sababu fundi alitoboa alipopata. Kila gia nikibadilisha, mkono wangu unagonga goti la shemeji. "Samahani, shemeji. Nipishe gia." Nilibadilisha hata pale ambapo gari haikuhitaji.

Kilima kikaja. Sasa hapo hapakuwa na utani. Masanduku nyuma, akina mama juu, wote wananingoja. Nikaingia na gia ya tatu, gari ikaanza kuchoka. Nilisikia jasho mgongoni. Ikirudi nyuma tena, mbele ya huyu, ni bora nihamie Kongo.

Shemeji hakuweza kujizuia. Dereva ni dereva. "Weka mbili," alinong'ona.

Na alikuwa sahihi, ilikuwa inataka mbili. Ndiyo sababu sikuweka mbili. Nilikanyaga klachi, nikatafuta moja, gia zikalia *krrrr*, gari ikasita, ikateleza nyuma kidogo sana, mama mmoja juu akamwita Yesu. Kisha ikashika. Tukapanda kwa gia ya kwanza, injini inapiga kelele kama inauawa, polepole mpaka mbuzi wa pembeni ya barabara akatupita. Lakini tukapanda. Juu kabisa nikasikia akina mama wanapiga mabati ya gari na viganja.

Kabla ya mjini, shemeji alisema nimshushe pale kwenye kona, ana mtu wa kumwona. Nilijua hakuna mtu. Hakutaka stendi wamwone anashuka kwenye gari yangu, na soksi moja imelowa.

"Breki hazijakaa sawa, shemeji," nilisema. "Nikisimama hapa naweza nisisimame."

Nikapita naye katikati ya mji, honi mkononi, mpaka stendi, mpaka mbele ya muuza chapati na vijana wote wa boda. Akina mama walikuwa tayari wanawasimulia kutoka juu ya masanduku, na yule mwenye sauti nyembamba alikuwa anaigiza. Shemeji akashuka haraka, akaanza kutembea, akaacha mlango wazi.

Nikamwita. "Shemeji! Mlango."

Alisimama. Vijana wote wakamwangalia. Akarudi, na kiatu chake mkononi, akaufunga.

"Haujashika," nilimwambia. "Tena."