Orodha Nyuma ya Barua

Benki nzima ya damu ilimwita Mama Karatasi, na waliomwita hivyo hawakuwa wakimsifu. Alikuwa fundi wa mitandao, mtu wa seva na nyaya, lakini kila asubuhi ya kazi saa mbili, kabla hata ya kuonja chai, alichapisha orodha ya damu iliyomo kwenye majokofu ya hospitali zote arobaini: kundi gani, chupa ngapi, wapi. Mumewe alimtania kwamba hata usingizini anaisikia printa. Mkurugenzi hakutania. Ijumaa alitangaza ofisi isiyo na karatasi, akafungia rimu zote za karatasi kabatini na ufunguo akautia mfukoni.

Mkurugenzi huyo huyo alikuwa amekwisha kuletewa barua tatu na Mama Karatasi. Ipo siku, zilisema, watu wabaya watarusha maombi ya uongo maelfu kwa maelfu kwenye mfumo wetu wa kutafutia damu, hadi hospitali za kweli zikose pa kupita. Tulipie huduma ya kuyachuja huko huko kwa wanaotuletea intaneti, kabla hayajatufikia. Tuweke kikomo kwa kila anayeuliza, na hospitali zipewe njia yao peke yao. Zote tatu zilirudi na maneno mawili ya wino mwekundu, "Si lazima", na sahihi.

Jumanne saa nne asubuhi siku yenyewe ikafika. Maombi yalimiminika kutoka kila pembe ya dunia, kutoka kompyuta za watu wasiojua hata kama zimetekwa. Mama Karatasi aliwapigia watu wa intaneti, wakamwambia kuchuja hakumo kwenye mkataba. Watasaidia, lakini itachukua saa kadhaa. Wakati huo mkurugenzi, bila kumuuliza mtu, alizitumia hospitali zote ujumbe: kuna tatizo dogo, endeleeni kujaribu. Tatizo dogo, eti. Wakajaribu kweli, hospitali arobaini zikibonyeza tena na tena, na pumzi kidogo iliyokuwa imeibakia seva wakaimaliza wenyewe. Hasira zilimpanda Mama Karatasi.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mkunga wa hospitali ya mbali.

"Dada, nina mzazi hapa, damu haikatiki. Ni O hasi. Jokofu langu tupu, na huo mfumo wenu unazunguka tu."

"Usikate simu, mdogo wangu."

Akavuta droo, akatoa orodha ya asubuhi, akapitisha kidole kwenye maandishi madogo ya kuumiza macho.

"Hospitali ya ng'ambo ya mto wana chupa nne. Tuma gari sasa hivi. Mimi nawapigia wazitoe nje kabisa."

Saa saba mkunga alipiga tena: mzazi yu hai, na mtoto pia. Mama Karatasi aliingia chooni akalia kidogo, kisha akanawa uso.

Saa tisa maombi ya uongo yalikuwa yamezibwa, na mkurugenzi akaitisha kikao. Aliusifu mfumo kwa uimara wake, akawashukuru wote kwa utulivu. Halafu akamgeukia Mama Karatasi.

"Nasikia kuna orodha iliyochapishwa. Nilikataza. Karatasi umeipata wapi?"

Mama Karatasi aliisukuma orodha mezani hadi mbele yake.

"Igeuze, bosi."

Akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na barua ya pili kati ya zile tatu, na chini yake maneno mawili mekundu na sahihi anayoijua vizuri.

"Jana nilitumia ya kwanza, leo hiyo," alisema Mama Karatasi, sauti yake ikiwa ya chini na mbaya. "Mtu alikuwa anakufa, wewe unawaambia waendelee kubonyeza. Imebaki barua moja. Hiyo haiendi kwenye printa."

Akaiweka mezani, na kalamu juu yake.

"Hiyo futa maneno yako, uisaini upya. Tunakusubiri."