Mifereji ya Kisu

Mimi ni mwoga, na watu wa kwetu wamenicheka kwa hilo tangu utotoni. Lakini siku tuliyompeleka dada yangu hospitali ya Arua kupasuliwa, kwa kuwa mtoto alikuwa amekingama tumboni, sikuogopa bure.

Asubuhi, pale Koboko mjini, shemeji yangu, mume wa dada, alisimamisha gari kwa fundi wa matairi. Matairi ya mbele yalikuwa kipara. Siku hizi trafiki wa barabara ya Arua wanainama kuyatazama, na gari lenye kipara haliendi popote. Fundi akapasha kisu moto, akachonga mifereji mipya kwenye mpira uleule uliokwisha. Sheria inataka mifereji, na mifereji ikapatikana. Ndani ya mmoja niliona waya uking'aa.

"Shemeji, hii mpira itapasuka."

"Itafika. Wewe ogopa tu, hiyo ndiyo kazi yako."

Lami ilikuwa nzuri, naye akakanyaga mafuta. Dada alikaa mbele, tumbo karibu liguse dashibodi. Kila usukani ulipotetemeka nilikishika kiti chake kwa nyuma, eti nimzuie asirushwe. Niliomba trafiki watusimamishe, waone nilichokiona mimi.

Wakatusimamisha. Askari akainama, akapitisha ukucha juu ya mifereji, akaridhika.

"Mpira iko sawa. Nendeni."

Tukizuiwa, dada atachelewa hospitali. Tukiachiwa, nitarudi kukaa nyuma yake nikingoja mlipuko. Nikajisikia nasema, "Afande, hiyo mpira iko imechongwa. Ingiza kidole ndani."

Akaingiza, akakitoa upesi, kimechomwa na waya. "Hii gari haiendi."

Dada akasema: "Mtoto yangu akikufa hapa barabarani, iko juu yako."

Nilisimama katikati ya lami nikipungia kila gari, mpaka mfanyabiashara mmoja aliyetoka Oraba, kule mpakani, akatufungulia mlango. Shemeji akabaki na gari lake. Dada hakunisemesha njia nzima. Nje ya chumba cha upasuaji nilikaa na yale maneno yake hadi muuguzi alipotoka na mtoto mchanga wa kike anayelia.

Siku ya kurudi nyumbani, shemeji alikuja kutuchukua na gari lilelile. Nilisimama mbali. Sikuthubutu kuyatazama matairi, wala kumtazama yeye. Dada akanipa mtoto nimbebe. Akashika mshono wake kwa mkono mmoja, akachuchumaa polepole mbele ya tairi, akaingiza kidole kwenye mfereji na kukisukuma hadi ndani kabisa. Akalizunguka gari hivyo, tairi moja baada ya jingine, huku mume wake ameinamisha kichwa.

Alipomaliza akajifuta kidole kwenye kanga.

"Iko mpya," akaniambia. "Panda."